Kuku wa Wageni

Juzi, katika kambi ya wakimbizi ya Oruchinga, mama mmoja niliyekwenda kumuuliza kama watoto wake wanashiba aliniwekea sahani ya kuku. Harufu ya mawese ilinirudisha Nakivale, kambi nilikokulia, alasiri ile mama yangu alipomchinja kuku wetu wa pekee.

Wageni wa shirika la misaada ya chakula walikuwa wanakuja kutazama njaa yetu. Mama alifagia ua, akatuvalisha nguo za kanisani, akapika. Jirani alipomwonya asiwaonyeshe wageni hao chakula, alimjibu, "Mugeni hawezi kutoka kwangu na njaa."

Wageni walionja tu. Upepo ulipiga turubai la paa, na mkubwa wao akaitazama sufuria kwa muda mrefu. Nilidhani anatamani kuongezewa.

"Mama, hapa mnakula vizuri," alisema mkalimani wao.

Mama alicheka kwa furaha, nami nikajiona mtoto wa tajiri. Mgao wetu uliofuata ulipokuja nusu, nilidhani chakula kimepungua kwa watu wote.

Sasa kazi ya kutazama njaa ni yangu. Nilinawa mikono, nikaanza kula, kisha nikamuuliza yule mama watoto watakula nini kesho.

Alitazama pembeni. "Kula kwanza, mutoto yangu."