Fungu la Mbwa

Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, wale wakubwa wa nchi za baridi, pale kijijini Lomsjö hakuna anayefanya kazi. Kiwanda cha mbao kinafungwa, fundi bomba hapokei simu, na mwenye mpango wa kufa ni heri asubiri Jumanne, kwa sababu mchungaji wa kanisa naye yuko msituni na bunduki begani. Watu wazima wanavaa kofia zenye utepe wa rangi ya chungwa na kuchekacheka bila sababu.

Gunvor Halvardsson alikuwa amevaa ya kwake tangu jikoni. Alikuwa mjane mwenye goti bovu na sauti ambayo kijiji kizima kiliiogopa. Sauti hiyo aliipata kwenye basi la shule, alikokaa nyuma ya usukani mpaka alipostaafu. Karibu kila mwindaji wa Lomsjö alishawahi kuwa abiria wake utotoni, na wengi wao alishawateremsha njiani kwa utundu wao. Alikuwa akiona fujo kwenye kioo, anapiga ukelele mmoja tu, "Kaa chini wewe!" na basi zima linakaa, pamoja na waliokuwa wamekaa tayari.

Siku hiyo hata yeye alizidiwa na furaha. Alimwaga kahawa mezani, akaiacha hapohapo. Mlangoni Tussa, mbwa wake wa kijivu mwenye mkia uliojikunja, alikuwa akilia kwa sauti nyembamba na kuzunguka mahali pamoja, maana alishaiona bunduki. Tussa alizaliwa kwa kazi moja. Akifunguliwa, anamtafuta kulungu, anamsimamisha, na kumbwekea papo hapo bila kuchoka mpaka mwindaji afike. Msimu uliopita hakufunguliwa hata mara moja. Alikokotwa kwa kamba kama mbuzi wa sokoni, na sasa mvi zilishaanza kumwota mdomoni.

Sababu ilikuwa mbwamwitu. Walikuwa wametoweka tangu enzi za babu za wanakijiji, kisha wakarudi, kwanza nyayo, halafu milio, halafu mizoga. Kulungu wakapungua. Zamani kikosi cha Lomsjö kiliangusha wanyama mpaka majokofu yakafurika. Mwaka huu walipewa ruhusa ya ndama wawili, basi. Ila kilichowauma kuliko nyama ni mbwa. Mwaka juzi Ludde, mbwa wa kiongozi wao Sixten, alifunguliwa asubuhi akiwa mzima, na mchana wakamkuta vipande vipande.

Sixten alikuwa mdogo wa Evert, marehemu mume wa Gunvor. Siku hiyo alisimama mbele ya kibanda cha wawindaji, wenzake wamezunguka moto na mikate ya mdalasini, akatangaza kabla mtu hajamuuliza.

"Mbwa wote kwenye kamba. Sitaki mjadala."

"Mbwa wote ni mmoja," Gunvor akasema. "Sema tu jina lake, shemeji."

"Haya. Tussa kwenye kamba."

"Na kulungu tutawapataje? Tuwaandikie barua waje?"

Watu wakacheka. Birger, mnene wa kikosi na mwenye zamu ya kahawa, akacheka mpaka akapaliwa na mkate.

Sixten hakucheka. "Wewe unadhani ni mzaha. Wale mbwamwitu wanakula kulungu mwaka mzima bila kibali, sisi tunapewa ndama wawili kama wagonjwa wanaopimiwa uji. Halafu mbwa wetu ndio kitoweo cha nyongeza? Hapana. Evert angekuwa hai angekuambia hivihivi."

"Evert angekuwa hai angeshamfungua, wewe ukiwa bado unahutubia."

"Gunvor!"

"Nimekusikia. Mimi kiziwi?"

Angalieni, hakusema ndiyo. Malin, muuguzi aliyekuwa mdogo kuliko wote pale, aliliona hilo na kuficha tabasamu ndani ya kikombe.

Wakatawanyika, kila mmoja kwenye kituo chake na redio yake ya mkononi, na Gunvor akaingia na Tussa katikati ya msitu. Baridi ilikuwa ya kung'ata masikio, jua linapenya kwenye misonobari, na moyo wake ulikuwa ukimdunda kama msichana anayekwenda dansi. Kando ya kinamasi akaona nyayo za kulungu jike, mbichi, maji bado yanajaa ndani yake. Pembeni mwa nyayo hizo, nyayo ndogo. Ana ndama! Tussa akasimama kwa miguu ya nyuma, kamba imemkaba, anakoroma kwa hamu.

Gunvor akazunguka huku na huku akitafuta nyayo za mbwamwitu. Hakuona hata moja. Akapiga goti lile zima, akamshika Tussa uso kwa mikono miwili. Alimpenda mbwa huyu kuliko alivyopenda watu wengi, na hakuona haya kulisema. Kumfungua kulikuwa kumweka rehani. Kumfunga kulikuwa kumwacha azeeke mlangoni akiota kazi aliyozaliwa kuifanya.

"Nenda, mwanangu," akamwambia. "Nenda kafanye kazi."

Kamba ikalegea, na Tussa hayupo.

Haikuchukua muda. Kutoka ng'ambo ya kinamasi likaja bweko la kwanza, nene, la uhakika, kisha la pili, kisha mfululizo. Amemsimamisha! Gunvor akainua kichwa kusikiliza. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa glavu huku akicheka peke yake kama mwehu. Redio nayo ikaanza kukoroma.

"Nani amefungua mbwa?" Sixten alikuwa akifoka. "Gunvor! Ni wewe?"

"Hapana, ni mchungaji," Gunvor akajibu. "Nyamaza, shemeji, usikilize muziki."

"Mungu wangu, msikilizeni huyo mbwa!" Malin akadakia kwenye redio. "Mama Gunvor, nakaribia kulia huku!"

Gunvor akaanza kunyata kuelekea sauti ile, upepo ukimpiga usoni, jambo zuri, maana kulungu hatampata kwa harufu. Kwenye simu yake kidoti chekundu, kilichoonyesha alipo Tussa kutoka kwenye kifaa cha kola yake, kilikuwa kikihamahama kidogo, mbele na nyuma, kama ilivyo mbwa anapomchezea kulungu kwa mbali. Kila kitu kilikuwa sawasawa.

Ghafla bweko likakatika.

Akasubiri. Kimya. Akatazama simu. Kidoti kimesimama.

"Kimesimama," Sixten akasema redioni, naye alikuwa akitazama kidoti kilekile kwenye simu yake. Sauti yake haikuwa tena ya kufoka. "Gunvor, kimesimama. Cha Ludde kilisimama hivihivi."

Gunvor alishaondoka. Alikuwa anakimbia. Goti lilipiga kelele, hakulisikia. Akakata kinamasi moja kwa moja badala ya kukizunguka, matope yakamfika mapajani, kiatu kimoja kikabaki humo, akaendelea na soksi. Alikuwa akijitukana kwa majina yote aliyowahi kuwaita watoto kwenye basi. Mpumbavu we. Kichwa maji we. Umemuua mwenyewe kwa mkono wako.

Akapanda kilima kidogo kwa kutambaa, akachungulia.

Chini yake palikuwa na msonobari ulioangushwa na dhoruba, mizizi imesimama juu kama ukuta. Tussa alikuwa amejibana ndani ya mizizi hiyo, mzima, kimya, mkia umenyooka chini. Mbele yake alisimama kulungu jike, mrefu kuliko farasi, manyoya ya shingo yamesimama, ndama wawili nyuma yake. Mbele ya kulungu alisimama mbwamwitu.

Gunvor hakuwahi kumwona mmoja akiwa hai. Mnyama huyu alikuwa mkubwa kuliko Gunvor alivyofikiria na mwembamba kuliko alivyosimuliwa. Hakuwa na haraka. Akisogea kushoto, kulungu anageuka naye na kuinua kwato. Akisogea kulia, vilevile. Ili amfikie mbwa au ndama ilimbidi apite chini ya kwato zile, na kwato za kulungu jike mwenye watoto si za kuchezea. Jike alikuwa anawalinda wanawe tu, kumbe anamlinda na Tussa, adui yake.

Kisha mmoja wa ndama, yule mdogo aliyekuwa akichechemea, akajikwaa na kutoka kando. Mbwamwitu akainamisha kichwa. Tussa, kwa sababu mbwa wa kulungu hana akili ya kujiokoa, akachomoka kwenye mizizi na kubweka.

Hapo Gunvor akasahau kwamba ana bunduki. Akasimama wima juu ya kilima, soksi moja, matope mpaka mapajani, akafungua kifua.

"Kaa chini wewe!"

Msitu mzima ukaitika. Mbwamwitu akainua uso. Alimtazama Gunvor kwa muda mrefu kidogo, kama mtoto anayepima kama dereva ana maneno tu au atasimamisha gari kweli. Halafu akageuka na kuondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka shughuli nyingine. Tussa, aliyeujua ukelele ule tangu utotoni, alikuwa amekaa.

Kulungu akatimua mbio na mwanawe mmoja. Yule mdogo mwenye kuchechemea akabaki, akasimama ubavu, akitafuta njia. Sasa Gunvor akakumbuka bunduki. Ilipolia, ndama akaanguka palepale, na moyoni akajua kwamba yeye na yule mbwamwitu aliyeondoka walikuwa wamemchagua mnyama mmoja.

Sixten alitokea upande wa pili akihema, uso mwekundu, kofia imepotea. Akamkuta Gunvor ameketi chini, Tussa yuko mapajani mwake analamba matope. Alifungua mdomo amgombeze, kisha akaona mguu wake wenye soksi tu.

"Kiatu chako kiko wapi?"

"Kinamasini."

"Mjinga sana wewe."

"Najua," Gunvor akasema, akaanza kulia kwa furaha.

Matumbo waliyaacha msituni kama ilivyo desturi. Kesho yake Malin alipita pale, akakuta pamesafishwa, nyayo za mbwamwitu zimezunguka.

Jumamosi wakagawana nyama bandani kwa Birger, kwa namna yao ya siku zote ili asiwepo wa kulalamika: mafungu yanapangwa mezani, mmoja anayapa mgongo, mwingine anagusa fungu na kuuliza ni la nani, na yule aliyegeuka anataja jina bila kuona. Sixten ndiye aliyegeuka ukutani. Gunvor akagusa.

"Hili la nani?"

"Malin."

"Na hili?"

"La kwako, na usichague."

Watu wakacheka. Birger alikuwa ameshafungua bia, Malin anaigiza kwa mara ya kumi jinsi mbwamwitu alivyoteremshwa kwenye basi. Likabaki la mwisho, pande la bega, ambalo kila msimu hupewa mbwa aliyemsimamisha mnyama.

"Na hili la mbwa, ni la nani?"

"Ludde," Sixten akasema mara moja.

Kwa miaka mingi ndilo jina alilolijibu. Mgongo wake haukugeuka, ila mabega yalianza kupanda na kushuka, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Gunvor aliacha mkono wake juu ya nyama.

"Sawa," akasema taratibu. "La Ludde."

Sixten akageuka, macho yamelowa, akalichukua lile pande. Akachuchumaa mbele ya Tussa, akakata vipande kwa kisu chake, akamlisha kimoja kimoja. Tussa alipomaliza, akamlamba vidole.

"Bado tuna ndama mmoja kwenye kibali," Sixten akasema bila kuinua kichwa. "Jumatatu utamfungua?"

"Ukinikataza, hapana. Safari hii nitakusikia."

Sixten akamkuna Tussa nyuma ya sikio.

"Mfungue," akasema. "Ila mimi nitatembea karibu yake. Wewe huna viatu."