Shukrani Isiyotiwa Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika nimejipaka mafuta ya kunukia. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, na mama yangu alikuwa ameniombea mlangoni kabla sijaondoka. Msimamizi wa mapokezi, mtu mfupi mwenye koti la mvua na kofia ya sufu, alinikaribia, akavuta pumzi mara moja, akarudi nyuma.

"Wewe umekuja harusi?"

"Hapana, Mzee. Nimekuja kazi."

"Basi nenda pale bombani ujioshe na maji matupu. Ukirudi, usinuke kitu."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya upimaji wa maziwa, katika kituo cha ushirika wa wakulima huko Ziwa, kaskazini mwa Eldoret. Niliifanya kazi hiyo mpaka mwili uliponitoa.

Kijana wa leo akisikia mpimaji wa maziwa hufikiria mashine. Vyombo tulikuwa navyo. Kulikuwa na laktomita, kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa; yakiwa yametiwa maji, kinazama kupita kiasi. Kulikuwa na spiriti, ambayo unaichanganya na maziwa kidogo kwenye kikombe. Yakishikana vidonge, ujue yameanza kuchacha hata kama ulimi bado haujagundua. Lakini kabla ya vyombo kulikuwa na pua. Unafungua kifuniko cha mtungi na kuinama papo hapo, kwa sababu harufu ya kweli hukaa chini ya kifuniko kwa muda mfupi tu, kisha inatoroka. Katika pumzi hiyo moja unatakiwa ujue kama ng'ombe alikula vitunguu pori, kama alikamuliwa karibu na moshi, au kama mtungi ulioshwa kwa haraka. Kisha unasema neno moja kati ya mawili. "Mimina" maana yake maziwa yamekubaliwa, yaende kwenye tangi la kupoza. "Rudisha" maana yake mkulima ayabebe arudi nayo nyumbani. Hatukuwa na neno la tatu.

Msimamizi aliitwa Mzee Kamau. Wazazi wake walihama kutoka upande wa kati wa nchi wakaja kulima huku kwetu, naye alizaliwa hapa na kusema lugha yetu ya Kinandi kutushinda baadhi yetu. Alikuwa Mkristo wa maneno machache. Kila asubuhi, kabla lango halijafunguliwa, alitupanga mstari kando ya tangi, na kila mmoja alitakiwa kumshukuru Mungu kwa jambo moja, kwa sauti. Alikuwa na masharti mawili. Shukrani ya jana haikupokelewa, sawa na maziwa ya jana. Na isiwe imetiwa maji.

"Namshukuru Mungu kwa uhai na afya njema," nilisema zamu yangu ilipofika, kama nilivyozoea kusikia kanisani.

"Hiyo ina maji," akasema Msimamizi. "Rudisha."

Wenzangu wakacheka. Nikaona haya, nikajitetea.

"Kwani Mzee, uhai si kitu?"

"Uhai ni kitu kikubwa sana. Lakini wewe hujauangalia, umeutaja tu. Leo umetoka nyumbani, Mungu amekupa nini?"

Nikafikiri. Nikasema namshukuru Mungu kwa sababu mama yangu aliniwekea viazi vya moto mfukoni, na vimenipasha mkono njia yote.

"Mimina," akasema, akageukia aliyefuata.

Niliona ni mchezo wa mzee mmoja. Kisha mke wake akafa. Alipomaliza kumzika alirudi kazini mapema kuliko tulivyomtarajia, akasimama mwisho wa mstari. Hakuna aliyethubutu kumwangalia. Tulidhani siku hiyo ataruka zamu. Akavua kofia yake.

"Baba, sikushukuru kwa kifo. Hicho tutaongea wewe na mimi. Nakushukuru kwa sababu leo nilipotoka nje kukamua, nilikuta majirani wamekwisha kukamua ng'ombe wangu wote, na ndoo imefunikwa kwa kitambaa safi."

Ilibidi mmoja wetu aseme. Nikasema mimi: "Mimina, Mzee." Akavaa kofia, akaenda kufungua lango.

Nilihamishiwa Soy, nikawa mpimaji mkuu wa kituo. Bosi wangu huko, Katibu wa Ushirika, hakupenda maombi ya mstari. Alisema yanachelewesha magari. Baadaye nikapelekwa kiwanda chenyewe mjini Eldoret, chini ya Meneja wa Ubora, mama mmoja makini aliyetupima sisi kabla hatujapima maziwa. Kila Jumatatu alituwekea vikombe vilivyofunikwa tutaje kilichomo kwa kunusa. Nyumbani, mke wangu, Mama Chebet, alipika kifungua kinywa bila kitunguu miaka yote hiyo. "Nimeolewa na pua," aliwaambia wanawake wenzake kanisani, "huyo mwenye pua anaisindikiza tu."

Pua hiyo iliondoka na homa. Nililala kitandani, nikakohoa, nikapona, nikarudi kazini nikijiona mzima. Asubuhi hiyo akaja kijana wa bodaboda ambaye nilizoea kumkemea kwa kubeba mitungi pamoja na mizigo mingine. Nikafungua mtungi wake, nikainama, nikapata hewa tu.

"Mimina," nikasema.

Kijana akabaki ameshika mtungi. "Mzee, leo hunigombezi? Kwani husikii hii mafuta ya taa? Imenimwagikia njia nzima, mimi nilijua leo ni kurudishwa."

Nikainama tena. Hewa tu. Nikamwambia arudishe, nikafunika mtungi, nikaenda moja kwa moja kwa Meneja wa Ubora. Alinipa vikombe vyake. Kahawa, sabuni, siki. Nilikuwa kama mtu anayekunywa kutoka gilasi tupu.

"Mzee Kibet," akasema polepole, "siwezi kukuweka mapokezi. Hii si adhabu, unanielewa?"

"Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo," nilimjibu. Ilikuwa kweli, lakini haikunisaidia.

Nikawekwa sehemu ya kuosha mitungi, tukisubiri. Daktari alisema huenda pua ikarudi, huenda isirudi. Haikurudi. Nikastaafishwa mapema, katika umri ambao wenzangu walikuwa ndio wanapanda vyeo.

Wale wanaosema kustaafu ni kupumzika hawakuniona mwaka ule. Niliamka alfajiri na kuvaa buti, kisha nikakumbuka. Nilitengeneza ua wa boma ambao haukuwa umeharibika. Nilitembea hadi barabara ya Kaptagat na kurudi, nikipitwa na wanariadha wa mazoezi, bila kuwa na jambo lolote la kufanya huko. Chai ilikuwa maji ya moto yenye sukari. Mursik, maziwa lala ya kibuyu ambayo nimekua nayo, yalikuwa uchachu mtupu bila ile harufu ya mkaa wa mti inayoyafanya yawe mursik. Nilimwomba Mungu anirudishie pua, na nilivyoomba haikuwa kuomba, nilikuwa namdai.

Ndugu waumini walinitembelea kwa upendo. "Neno linatuambia tushukuru katika kila jambo," walisema, na mimi nilijibu amina, na miguu yangu ilikuwa inataka kutoka nje. Ikafika Jumapili ya mavuno, watu wameleta mahindi, kuku na maziwa mbele ya madhabahu. Mchungaji akasema, "Mzee wetu wa kanisa atatuongoza kwa sala ya shukrani." Nikasimama. Maneno yalikuwepo yote mdomoni: uhai, afya, ulinzi. Nikayasikia kabla sijayatamka, nikajua yana maji. Nikakaa chini bila kusema kitu. Waumini walidhani Roho amenizidi, wakapiga makofi na haleluya. Sijawahi kujisikia mpweke kama wakati wa makofi yale.

Wiki hiyo nilienda Soy kumwona Mzee Kamau, ambaye sasa anaishi kwa binti yake. Nilimkuta amekaa uani akichambua maharagwe, kofia ile ile kichwani.

"Bwana asifiwe, Mzee."

"Asifiwe. Ya leo iko wapi?"

Sikuhitaji kuuliza ya leo nini. "Mzee, nimekuja uniombee, sikuja kwa mambo ya mstari."

"Tutaomba. Ya leo iko wapi?"

"Namshukuru Mungu nimefika salama."

"Ina maji."

"Mzee!" Nilipandisha sauti, na binti yake akachungulia kutoka jikoni. "Unataka nishukuru nini? Kazi imeenda. Nikikaa mezani ni kama nakula karatasi. Wewe ulifiwa, sawa, lakini ulibaki na mikono yako na kazi yako. Mimi nimechukuliwa kile kitu kimoja nilichokuwa nacho!"

Aliendelea kuchambua. Punje mbovu aliitupa kwa kuku, nzuri ikaanguka kwenye sufuria.

"Hiyo haina maji hata tone," akasema. "Mwambie Mungu hiyo kwanza, kama ulivyoniambia mimi. Usimpelekee ile ya kanisani. Halafu ukipata ya shukrani, uniletee. Usilete ya kubuni. Nitaijua."

Tukaomba pamoja, kwa ufupi. Alipoitaja pua yangu kwa Yesu, aliitaja bila haraka, kama anayetaja jina la mtu anayemjua.

Njiani nilimwambia Mungu kila kitu, na sikuchagua maneno. Sikupata jibu. Nililala tu, jambo ambalo lilikuwa limenishinda kwa muda.

Asubuhi, mimi na Mama Chebet tulienda kukamua ng'ombe wetu. Nilipomaliza, alichukua ndoo, akainamisha uso juu yake kidogo, akataka kuondoka. Aliinama bila kujua kwamba anainama. Nikamshika mkono.

"Inanukaje?"

"Nini?"

"Maziwa. Yananukaje?"

"Baba Chebet, si wewe ndiye fundi? Yako sawa. Hayana kitu."

"Sikuulizi yana kosa gani. Nakuuliza yananukaje."

Akaniangalia kama mtu anayepima kama anachekwa. Kisha akafumba macho, akainama tena, safari hii kwa makusudi.

"Yananuka joto," akasema. "Yana nyasi kidogo, mbali kabisa. Na yananuka kama kichwa cha Chebet alipokuwa mdogo, akiamka usingizini." Akafumbua macho, akacheka. "Wewe, usinitolee machozi kwenye ndoo."

Miaka yote hiyo nilikuwa nimeinama juu ya mitungi isiyo na idadi, na sikuwahi kuyauliza maziwa mazuri chochote. Kazi yangu ilikuwa kutafuta kosa. Yaliyokuwa na kosa, kosa lenyewe nililijua kwa jina na asili yake. Yaliyo mazuri niliyasemea neno moja yakapita, na nikasubiri mtungi mwingine. Sisemi kazi ilikuwa mbaya. Watu walikunywa maziwa safi kwa sababu hiyo. Nasema nilikwenda na mazoea hayo hadi mbele za Mungu, nikawa mpimaji wa anachonipa. Mzee Kamau alijaribu kunifundisha upande wa pili wa kupima tangu ile siku ya viazi, na nilidhani ananifundisha adabu ya mstari.

Nikampigia simu kabla chai haijachemka.

"Nina ya leo, Mzee."

"Sema."

"Namshukuru Mungu kwa sababu mke wangu amenusa maziwa akaniambia yananuka kama kichwa cha mtoto wetu anapoamka. Nami nimeisikia harufu hiyo kwa maneno yake."

Nilisikia kuku wake nyuma. Nilisubiri kama walivyokuwa wakinisubiri wakulima wa Ziwa, nimeshika mtungi wangu kwa mikono miwili.

"Mimina," akasema Mzee Kamau.

Pua haijarudi. Bado kuna asubuhi ninavaa buti kabla sijakumbuka, na bado natembea hadi barabarani. Lakini sasa nikitembea ninatafuta, maana ile ya jana haipokelewi, na yule mzee hupiga simu mapema.