Sahihi ya Malachy

Kiwanda cha mapazia kilipofungwa, Attracta Feeney alikuwa na miaka hamsini na sita, na ishirini na mitatu kati ya hiyo aliimalizia kwenye cherehani ileile. Wiki iliyofuata alipanda basi la asubuhi hadi mjini Roscommon, akaketi mbele ya binti wa ofisi ya ustawi aliyeitwa Grainne, akaelezwa kwamba njia za kulipwa asiye na kazi ni mbili.

Ya kwanza ilikuwa malipo ya michango. Alikatwa mshahara miaka yote, basi hiyo ilikuwa haki yake, na hakuna ambaye angemuuliza ana nini nyumbani. Lakini yangekoma baada ya miezi tisa, na kwa kuwa kiwanda kiliwapunguzia siku za kazi kabla ya kufunga, yangekuja pungufu. Ya pili ilikuwa ya wasio na kitu. Hiyo ingelipwa kamili, na ingeendelea mpaka apate kazi. Ila humo mtu huulizwa kila kitu.

"Nyumba unayoishi hatuihesabu, Bi Attracta," Grainne alisema. "Shamba ndilo tunalohesabu. Unalo?"

Attracta akajibu kwamba angerudi Alhamisi.

Shamba alikuwa nalo, ekari kumi na mbili kando ya mto. Mama yake, kabla ya kufariki, alisema mbele ya watoto wake wote wawili kwamba nyumba ni ya Attracta na shamba ni la ndugu yake wa kiume, Malachy, aliyekuwa akikata nyasi pale tangu akiwa na miaka kumi na minne. Ila wosia wa zamani haukuwa umebadilishwa, na uliandika jina la Attracta peke yake. Malachy alipouliza, dada yake alimwambia karatasi imesema ilivyosema. Hakuuliza tena. Alihamia chumba cha juu ya bucha, naye Attracta akamkodisha jirani shamba hilo kwa miaka kumi na mmoja.

Sasa aliandika barua fupi: shamba ni mali ya Malachy Feeney, dada yake amelishika kwa jina tu. Jumatano akapanda ngazi za bucha akiwa na barua mkobani na keki ya matunda mkononi, na majibu tayari kwa kila swali ambalo ndugu yake angeuliza. Alieleza habari za zile njia mbili, haraka haraka, akitazama birika.

Malachy aliisoma barua mara mbili. Akaomba kalamu, akatia sahihi, akamkatia dada yake kipande cha keki.

Alhamisi foleni ilikuwa ndefu. Bernie, waliyeshona naye meza moja, alimgeukia akicheka. "Wewe nawe uko kwa sisi makapuku? Nilidhani una shamba la kifalme."

Watu wawili watatu wakacheka. Attracta alicheka pia, uso ukimwaka moto. Alipofika kwa Grainne alitoa vitambulisho vyake, barua akaiacha mkobani, akasema anataka malipo ya michango.

"Unajua itaisha?" Grainne aliuliza.

"Najua."

Kutoka hapo hakwenda kupanda basi. Alikwenda kwa wakili aliyeshughulikia wosia, akamwambia anataka shamba liandikwe jina la ndugu yake. Kisha akarudi juu ya bucha, akamweleza Malachy kwamba barua hakuitoa, kwamba alitaka kumtumia kama ngao, na kwamba ameona aibu.

Malachy aliegemea ukuta.

"Dada, nilijua barua ni ya ofisi," alisema. "Ila hiyo ndiyo mara ya kwanza uliyoandika kwamba shamba ni langu. Nikasema, hata kama ni uongo wake, acha nitie sahihi."

Attracta aliona afadhali angemtukana.

Miezi tisa ilipita vibaya. Aliuza cherehani yake ya nyumbani, akala mkate na viazi zaidi kuliko alivyozoea, na mwezi wa mwisho akapata kazi ya kufagia shule ya parokia, asubuhi tu. Shamba lilihama jina kabla ya msimu wa nyasi. Malachy alilikata mwenyewe, sasa akiwa na goti bovu, akipumzika kila baada ya mistari michache. Attracta alimtazama kutoka barabarani, akawaza ni misimu mingapi ambayo goti lile lilikuwa zima na shamba likawa kwa jirani.

Jumapili baada ya misa huja kunywa chai kwa dada yake. Huongea naye vizuri, hucheka naye. Lakini katika nyumba ile aliyozaliwa, bado hubisha hodi na kusubiri nje mpaka aambiwe aingie.