Kamera ya Mama wa Section 58

Haya, nyinyi mmekaa hapo kwa benchi, na nyinyi mnajifanya mnapita, simameni kidogo. Wewe uko na simu kubwa, weka chini. Mnapenda kusema ati mimi sijui kompyuta. Mimi! Nilifika darasa la tatu, na hiyo la tatu nilikaa wiki mbili tu, mwalimu akasema nimeshamaliza yote anajua. Sasa sikieni vile nilipambana na kompyuta, na vile nilishinda, na heri ningeshindwa.

Ilikuwa Januari, ile ya elfu mbili na nane. Sitaeleza hiyo Januari ya fujo baada ya kura. Mwenye alikuwa Nakuru anajua, mwenye hakuwa ashukuru Mungu. Mimi nilikuwa fundi wa stima. Nyumba yetu ya kupanga ilikuwa imebaki kuta nne na harufu. Kwa watu wa bibi yangu, Keringet, njia haikuwa inapitika. Malori zilikuwa zimesimama Salgaa foleni ndefu mpaka nikasikia ya mwisho iko Uganda, na dereva wake ameshaoa huko.

Mwenye alituokoa ni mama mmoja Mhindi wa Section 58, mtaa wa hapo Nakuru, mjane, bwana yake alikuwa na duka ya mabati na misumari. Nilikuwa nimemfanyia kazi ya stima miaka mingi. Siku hiyo alifungua geti, akaniona na bibi, watoto wanne, na godoro imeungua kona. Nikaanza kueleza. Akasema, "Fundi, ingia. Usieleze." Akatupatia ile chumba ya wafanyakazi, nyuma ya nyumba.

Sasa shida. Huyo mama alikuwa na kijana yake Uingereza, kazi yake ni kompyuta. Alikuwa anataka mama atoke Nakuru aende kwa ndugu zao Nairobi. Mama akakataa. Kichwa ya huyo mama ilikuwa ngumu, nyundo ingeigonga ingeomba msamaha. Wakabishana kwa simu mpaka wakapatana hivi: Desemba alipokuja kutembea, kijana alikuwa ameweka kamera kwa veranda, inaangalia geti. Akimuona mama yake kwa hiyo kamera kila asubuhi, kabla aende kazi, mama anakaa. Asipomuona, Jumamosi ndugu wanakuja kumchukua, nyumba inapigwa kufuli. Na nyumba ikipigwa kufuli, mimi na watu wangu ni shoground, kwa mahema ya wakimbizi, na dunia yote.

Na kamera ikakataa.

Ndani ya nyumba ilikuwa sawa. Kwa kompyuta ya sitting room ungeona geti, ungeona maua, ungeona mimi nikipita nimekonda kama waya ya simu. Lakini kutoka Uingereza, giza. Kijana akapiga simu Alhamisi.

"Fundi, sasa. Taa ya kamera ni rangi gani?"

"Green, boss."

"Basi inazuiliwa kwa rauta, ile mashine ya intaneti. Enda stoo."

Hiyo rauta haikuwa ya duka. Alijitengenezea mwenyewe na kompyuta mzee, haina screen, akaiweka katikati ya gunia za unga na mikebe ya samli. Akaniambia ndani yake kuna ukuta wa moto. Niliruka mpaka nikagonga rafu.

"Boss, hapa hatutaki moto ingine."

"Si ya kuchoma, fundi. Ni kama askari wa geti. Ako na orodha: nani atoke, nani aingie, saa ngapi. Wengine wote anafungia nje."

Nilikuwa nafikiria askari kama huyo angekuwa kwa ploti yetu ile wiki.

"Kuna kitu umegusa?"

"Sijagusa kitu, boss. Mungu anaona."

Siku nzima tulitoa waya, tukarudisha waya. Nikahamisha waya ya kamera kwa shimo ingine ya rauta. Nikapuliza vumbi mpaka nikabaki bila pumzi ya kesho. Wapi! Bibi yangu alikuwa anakuja mlangoni, ananiangalia, anarudi. Siku hiyo alishaanza kukunja nguo za watoto.

Ijumaa saa nne asubuhi kijana akaniambia nibebe ile screen ya sitting room niiunganishe na rauta. Mama akashika simu kwa sikio yangu, mimi nikasoma. Kizungu sijui, lakini namba najua, fundi wa stima bila namba ni maiti.

"Juu kabisa, kwa kona, kumeandikwa nini?"

"Sifuri sifuri, halafu kumi na saba."

"Hiyo ni saa. Hapo ni saa ngapi?"

"Saa nne ya asubuhi, boss. Jua inawaka. Lakini hii yako inasema ni saa sita ya usiku na dakika kumi na saba."

"Na mwaka?"

"Elfu mbili."

Akauliza polepole: "Fundi. Nani anazima stima hapo?"

Hapo ndio ilinishika. Ni mimi! Tangu mambo iharibike, kukisikika kelele kwa barabara, mimi nilikuwa nakimbia kushusha main switch. Section 58 karibu yote ilikuwa inafanya hivyo: nyumba ikae imekufa, mwenye kupita aone hakuna mtu. Mchana, jioni, usiku wa manane, siku ingine mara saba. Hata hiyo asubuhi nilikuwa nimeishusha, nikairudisha dakika kumi na saba kabla nisome hizo namba.

Kijana akanieleza. Ndani kuna betri ndogo, duara, ndio inakumbusha kompyuta saa. Imekufa. Kila nikirudisha stima inaamka kama mlevi, inasema ni usiku wa Januari moja, elfu mbili. Na yeye alikuwa ameamuru ule ukuta wa moto uruhusu picha ya kamera itoke mchana tu, watu wa huko nje wasichungulie geti usiku mama amelala. Sasa kwa vile nilikuwa nashusha stima kila saa, hiyo kompyuta ilikuwa haijawahi kufika asubuhi.

Nitawaambia ukweli, niliionea wivu. Januari yake ilikuwa bado haijachoma mtu.

Betri tutatoa wapi, maduka zimefungwa? Mama akaingia chumba yake, akarudi na rimoti ya gari ya marehemu bwana yake. Alikuwa ameiweka miaka yote kando ya picha yake. Akanipatia.

"Toa betri tu. Kule ako hafungui gari."

Ilitosha, kama imezaliwa hapo. Nikaandika saa, nikaandika mwaka, kijana akiniambia kitufe kwa kitufe. Mama akavaa shali nzuri, akasimama veranda mbele ya kamera. Tukasikia kijana akipiga kelele kwa simu, "Nimekuona! Mama, nimekuona!" Mimi nikamkumbatia bibi yangu mbele ya watu, kitu sijafanya tangu harusi.

Halafu sauti ya kijana ikabadilika.

"Mama, nyuma ya geti, hiyo ni mawingu?"

Mama akageuka, akaangalia. Sisi tulikuwa tumeshaizoea hiyo moshi, hatukuwa tunaiona tena.

"Watu wanachoma takataka."

"Takataka ya town nzima?"

Kijana akasema kesho ndugu wanakuja kumchukua. Na kwa mara ya kwanza mama hakubishana; kamera ingebaki giza, hao ndugu angewafukuza kwa geti.

Jumamosi ndugu wakakuja na gari mbili. Mama akatupatia blanketi tatu na sufuria, akanishika mkono, akasema, "Fundi, nimejaribu." Wakafunga nyumba, wakafunga chumba yetu, wakafunga geti na mnyororo mnene ungefunga ndovu. Gari ikaenda, yeye hajageuka.

Tukashika njia ya shoground. Mimi na sufuria kichwani, watoto nyuma, bibi mbele na ile godoro. Kutoka geti mpaka tukaona mahema mimi ndio nilikuwa naongea, ati angalau kazi yangu ilikuwa safi, ati hata Uingereza walisifu.

Bibi akasimama. Akatupa godoro chini.

"Kompyuta ya wenyewe ilikuwa imelala! Nani alikutuma uiamshe?"