Msumari wa Zizini

Mimi ni mtu wa kujifanya jasiri. Nilipokwenda Magu kumsalimia mama, nilikanyaga msumari zizini, ukazama kweli. Nikauchomoa bila hata kuguna. Kwa kuwa mama alikuwa gulioni, nikalipaka lile tundu mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na majivu, kama tulivyofanya enzi za kuchunga, kisha nikavaa soksi. Soksi na ndala, jua la saa sita! Mama aliporudi akanitazama miguu, akadhani ni mambo ya Mwanza mjini.

Siku ya tano niliamka taya zimekaza. Andazi halikupita. Nikashika simu, nikasoma kwamba pepopunda huletwa na bakteria wanaokaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, huingia kwa jeraha la kina, taya hukaza, shingo hukakamaa, kumeza hushindikana, mwisho mwili mzima hupinda. Niliposoma shingo, shingo ikaanza. Niliposoma kumeza, mate yakakwama. Ningeendelea kusoma ningekufa palepale.

Nikamweleza mama yote, meno yamebana. Hakunigombeza. Alinipandisha bodaboda, mimi na ndevu zangu, akakaa nyuma amenikumbatia mpaka zahanati.

"Siku hizi umekula nini?" nesi akauliza.

"Michembe."

Tangu nifike nilikuwa natafuna vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, vikavu hivyohivyo, kutwa.

"Kaka, michembe inachemshwa!" Akaniingiza kijiti kooni, nikakaribia kutapika. Akafurahi sana. "Mwenye pepopunda angekiuma. Taya zako zimechoka tu. Ila hayo mavi usirudie, ungekuja hapa umebebwa." Akaliosha jeraha, akanichoma sindano.

Nikatoka nacheka. Mama alikuwa kwenye benchi la nje, hacheki.

"Fungua mdomo, baba."

Nikafungua.

"Fungua tena."

Foleni nzima inatutazama. Nikaona haya, nikamwambia inatosha, nimepona.

"Kaka yako alikuwa na siku nane alipokataa titi," akasema taratibu. "Bibi yako alikuwa amempaka mavi ya ng'ombe kitovuni, ndivyo tulivyojua. Mdomo ulifunga, haukufunguka mpaka tunamzika."

Maisha yangu yote nilijua mimi ndiye kifungua mimba wake. Nikapiga magoti mbele ya benchi, nikaufungua mdomo, nikauacha wazi mpaka aliporidhika.