Gari Linauzwa

Jirani yangu wa ghorofa ya chini anauza gari lake la Kikorea, na karatasi ya tangazo kwenye kioo cha nyuma imeshapauka kwa jua. Kila mteja akija, humfungulia mlango wa abiria, hupangusa kiti kwa kiganja, na kabla ya kuwasha injini humsimulia jinsi kiwanda kilicholitengeneza kilivyoanza kwa kuunganisha magari ya kampuni nyingine, watu wakakicheka mpaka wakachoka. Husimulia taratibu, kidole gumba kikisugua usukani. "Gia hizi hazijanisumbua hata siku moja," humalizia, kisha humzungusha mteja mitaa yote. Wakirudi, hukataa kushusha bei.

Jumamosi alikuja dada mmoja, mwalimu, mwenye haraka zake. Alilizunguka gari mara moja tu. "Nimelipenda, baba. Kwa bei yako hiyohiyo, nalichukua leo."

Jirani akatazama viatu vyake. "Gia zina kelele kidogo, mwanangu."

"Fundi ataziangalia."

"Vipuri navyo ni shida."

"Siku hizi vimejaa tele."

Akabaki ameushika mlango wa abiria, uko wazi. "Lakini hujakaa hata kidogo," akasema. "Kaa kwanza, twende hadi pale kwenye kona tu."