Mgeni aliyekuja kutuonyesha siri ya kupita

Leo nimempigia mtu makofi ya kilo, yale mazito ya kumpongeza mgeni shuleni, na mikono bado inawasha kwa hasira.

Matokeo ya ule mtihani wa kitaifa wa kusoma na hesabu yalitoka. Shule yetu hapa Timau ikawa ya mwisho kwa zoni.

Basi afisa wa elimu akatuletea mwalimu mkuu wa akademia iliyoongoza, eti atuonyeshe siri.

Wazazi wakaitwa. Wengine waliomba ruhusa kwa shamba la maua wanakofanya kazi wakakubaliwa shingo upande.

Jamaa akaongea weee! Nidhamu. Bidii. Walimu wavivu (hapo alituangalia sisi).

Kisha akataka mtoto asome sentensi ubaoni. Akanyoosha kidole tu bila kuangalia.

Kikamwangukia Makena, mtoto aliyehamia kwetu mtihani ukikaribia. Akasimama. Akatazama ubao, halafu akamtazama yeye.

"Soma, usiogope," mgeni akamwambia.

"Mwalimu, si wewe ndiye uliambia mama anitoe shuleni kwako kabla ya mtihani? Ulisema nirudi nikijua kusoma. Bado sijajua yote."



Afisa akatangaza haraka kwamba chai iko tayari. Haikuwa tayari. Mpishi mwenyewe alikuwa ameketi na sisi hapo darasani!

Walimu wenzangu, nyinyi pia mnaletewa watoto hivi mtihani ukikaribia, halafu mnaitwa wavivu? Ama ni sisi tu?

Kabla mgeni aondoke tuliambiwa tumpigie makofi ya kilo.

Makena alipiga kwa nguvu kuliko sisi wote.